RBU-6000 haifyatui, au inafyatua na kukosa: kutafuta kosa katika Sea Power

Nyambizi iko maili mbili mbele ya omo, yaani upande wa mbele wa meli. Krivak yako, manowari ya Kisovieti ya kuwinda nyambizi, ina roketi za kutosha, amri umeshatoa, na mtambo wa RBU-6000 unaozirusha umetulia tu kana kwamba haujakusikia. Baada ya muda mfupi sona (kifaa cha kusikia sauti chini ya maji) inapiga kelele ya torpedo, na badala ya kupigana unaanza kukimbia. Nimepoteza manowari nyingi kwa namna hii, na kwa muda mrefu niliamini gemu ndiyo mbovu. Nilipojizoeza kusimamisha muda na kukagua kitu kimoja kimoja, nikaona karibu kila mara kosa limeshatokea kabla mtambo haujaguswa: kwenye sona, kwenye umri wa taarifa, au pale nilipoiweka meli yenyewe. Mtambo hutupa roketi pale ulipoambiwa, basi.

Kwa hiyo nazipanga dalili kama zinavyomjia mchezaji, na chini ya kila dalili naanza na sababu ninayoiona mara nyingi zaidi. Nazungumzia Sea Power, gemu ya vita vya baharini vya enzi ya Vita Baridi iliyoanza kuuzwa Novemba 2024 ikiwa bado inatengenezwa. Vitufe na menyu zake hubadilika kila sasisho linapotoka, ndiyo maana sitakwambia ubonyeze wapi. Nitakwambia nini cha kuangalia.

Kwanza, ijue silaha yenyewe

RBU ni kifupi cha maneno ya Kirusi yenye maana ya mtambo wa mabomu ya roketi. Namba inayofuata ni umbali wake kwa mita, kwa kukadiria. RBU-1000 hufika kilomita moja, RBU-2500 kilomita mbili na nusu, RBU-6000 karibu sita. Ukishika hilo tu, nusu ya maswali yanajijibu.

RBU-6000 iliingia katika jeshi la majini la Kisovieti mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ina mirija 12 iliyopangwa kama kwato ya farasi, kila mmoja una kipenyo cha milimita 213. Roketi yake, RGB-60, haina injini ya kuitembeza majini wala akili ya kumfuata mtu. Inaruka angani, inaanguka, kisha inazama kwa uzito wake kama jiwe, mita 11 hivi kwa sekunde, mpaka fyuzi, yaani kiwashio chake, iilipue. Baruti yake ni kilo 25 hivi. Umbali wa juu ni mita 5,800, na chini ya mita 350 haiwezi kupiga.

Mita 5,800 kwenye ramani ya gemu ni kama maili 3.1 za baharini. Maili, siyo kilomita. Wachezaji wapya wengi husoma 5.8 kwenye maelezo ya silaha, wakaona nyambizi iko 5 kwenye ramani, wakashangaa kwa nini hakuna kinachotoka.

Dalili: amri imekubaliwa, hakuna roketi inayotoka

Simamisha muda kabla ya kitu kingine chochote. Kisha pima umbali halisi. Ukiwa nje ya maili 3.1, mtambo unasubiri meli ifike, na kama nyambizi inakwenda kasi sawa na wewe haitafika kamwe. Kuna na upande wa pili ambao watu huusahau: nyambizi ikiingia ndani ya mita 350, yaani ikakaribia kupita chini ya meli yako, mtambo hauna la kufanya. Hapo dawa si kuendelea kutoa amri. Songa mbele, achana nayo, kisha geuka uje upya.

Umbali ukiwa sawa, tazama pembe. Hii ndiyo sababu iliyonisumbua kuliko zote, kwa sababu kwenye ramani haionekani. Mitambo miwili ya Krivak imekaa sitahani mbele ya chumba cha kuongozea meli. Nyuma yake kuna muundo mzima wa meli: minara, rada, bomba la moshi. Mtambo hauwezi kurusha roketi kupitia kwenye minara yake wenyewe. Nyambizi ikiwa tezini (nyuma ya meli), iwe maili moja au mbili, meli yako ni kama haina RBU. Acha ramani kidogo, ishushe kamera mpaka sitahani, simama kwa macho nyuma ya ule mtambo na utazame upande wa adui. Ukiona chuma, na roketi itaona chuma. Geuza usukani nyuzi 40 au 50 na mara nyingi roketi zitaanza kutoka zenyewe, ile amri ya kwanza bado ikiwepo.

Ukiwa na meli kubwa kama Kara au Kresta II kuna mtego wa ziada. Meli hizi zina RBU-6000 mbili mbele na RBU-1000 mbili nyuma. Mchezaji anaona mitambo minne kwenye orodha, anadhani amezungukwa na ulinzi pande zote. Kumbe kwa upande wa tezi anategemea silaha ya kilomita moja. Nyambizi iliyo maili mbili nyuma ya Kara iko salama kabisa dhidi ya roketi zako zote mpaka ugeuze omo.

Meli za zamani ni kali zaidi kwenye jambo hili. RBU-1200 ina mirija mitano inayopanda na kushuka lakini haizunguki kulia wala kushoto. Kulenga ni kazi ya usukani, meli nzima ndiyo inayoelekezwa.

Pembe ikiwa wazi, angalia ruhusa. Kila meli ina hali ya silaha: imezuiwa, imebanwa, au imeachiwa huru. Misheni nyingi zinakuanzisha ukiwa umezuiwa, kwa sababu kihadithi vita havijatangazwa. Na hata ukiwa huru, kitu ambacho bado kimeandikwa hakijulikani hakitashambuliwa na meli zako zenyewe. Ama ukitambulishe, ama utoe amri ya mkono.

Sababu ya mwisho hapa ni kwamba huna umbali. Sona inayosikiliza tu, bila kupiga mlio, inakupa uelekeo: kuna kitu upande ule. Haikwambii kiko maili moja au kumi. Alama inaonekana kwenye ramani, unaiona kama shabaha, lakini ni kisio lenye eneo kubwa la shaka kuizunguka. Roketi isiyojua kutafuta haina faida yoyote na kisio. Washa sona ya mlio. Mwangwi ukirudi, umbali unapatikana papo hapo. Ndiyo, nyambizi nayo itajua ulipo, lakini ukiwa ndani ya maili tatu ujue imeshakusikia zamani.

Dalili: roketi zinatoka vizuri, zinaanguka pasipo na kitu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo gemu hii inapokuwa tamu.

Wiki chache zilizopita nilikuwa na Krivak moja katika Bahari ya Norwei nikiwinda nyambizi ya Marekani ya daraja la Sturgeon. Niliipata maili 2.6 mbele, nikarusha roketi 12. Maji yakaruka kwa mpangilio mzuri kabisa, duara safi, na nyambizi haikuguswa. Nikarusha 12 nyingine. Hivyo hivyo. Nikarudi kwenye hali niliyokuwa nimeihifadhi, nikasimamisha muda sekunde ile ile ya kurusha, nikasoma umri wa taarifa ya shabaha. Dakika mbili. Krivak yangu ilikuwa inakimbia noti 28 (maili 28 za baharini kwa saa), na kwa kasi hiyo sona iliyo chini ya omo inasikia maji yanayopiga ubavu wa meli yenyewe na kelele za mitambo yake, haisikii kingine. Alama ya nyambizi niliyokuwa naitazama ilikuwa kumbukumbu.

Piga hesabu. Nyambizi inayokwenda noti 8 inasafiri mita nne kwa sekunde. Dakika mbili ni karibu mita 500. Duara langu safi lilikuwa limeanguka mahali nyambizi ilipokuwa, nusu kilomita nyuma yake.

Nilipunguza mpaka noti 14, nikasubiri. Kusubiri huko ndiko kugumu, maana moyo unakuambia adui anatoroka. Mwangwi ukarudi, alama ikaruka ghafla upande wa kulia, na roketi zilizofuata zikampata.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kupunguza mwendo kabla ya kurusha. Kimbia kufika, tembea kupiga. Ukiwa na meli mbili, iache moja itembee polepole na kusikiliza huku nyingine ikikaribia.

Hata taarifa ikiwa mpya kabisa, roketi inahitaji muda. Tuseme kutoka mrijani mpaka kulipuka inatumia sekunde 30, angani na majini pamoja. Nyambizi inayojikokota noti 5 itasogea mita 77 katika muda huo, pungufu ya urefu wa mwili wake. Ikiwa inakimbia noti 20, itasogea zaidi ya mita 300. Gemu hukadiria mbele, inatupa roketi pale nyambizi itakapokuwa na siyo ilipo, kama mvuvi anavyotupa wavu mbele ya samaki. Lakini kadirio hilo linafaa tu kama nyambizi itaendelea na njia ile ile. Ikisikia roketi zinapasua maji, inageuka.

Sogea karibu, basi. Umbali wa juu wa silaha ni ahadi ya kiwandani, na mimi siutumii kamwe. Ndani ya maili moja na nusu muda wa angani unapungua na nyambizi inakosa nafasi ya kugeuka. Na ukiweza, ipige kwa ubavu wake au kwa nyuma yake ikiwa inakimbia moja kwa moja, badala ya wakati inakata kona.

Kuna kosa jingine dogo linalofanana na hili. Ukiwa umeharakisha muda mara kumi, sekunde 30 zinapita ndani ya sekunde tatu. Unaamua, unabonyeza, na wakati kidole kinatoka kwenye kipanya hali imeshabadilika. Vita vya RBU vipiganwe kwa muda wa kawaida, mara moja kwa moja.

Dalili: zinaanguka juu yake kabisa, na haizami

Kilo 25. Rudia namba hiyo. Bomu la kina la Waingereza la Vita Kuu ya Pili, lile pipa lililokuwa likisukumwa kutoka tezini, lilibeba kilo 130 za baruti, na bado nyambizi nyingi zilinusurika mapipa kadhaa. Roketi moja ya RBU-6000 inabidi ilipuke karibu mno na mwili wa nyambizi ili itoboe. Ndiyo maana zinarushwa kwa kundi. Mchezaji anayerusha mbili mbili ili asimalize akiba anaitumia silaha hii kinyume cha ilivyokusudiwa. Rusha 12. Ukiwa na mitambo miwili yenye pembe wazi, rusha yote kwa pamoja, 24.

Kina ni tatizo la pili. Nyambizi iliyoko mita 200 chini inampa adui wake kazi: roketi itatumia sekunde 18 hivi kuzama peke yake, mbali na muda wa angani, na kina chenyewe unakifahamu kwa kukisia. Sona ya mlio ni hodari kwa umbali na uelekeo. Kwa kina ni dhaifu. Ukiona milipuko inatokea sawasawa kwenye ramani lakini hakuna madhara, fikiria kwamba adui yuko chini au juu ya milipuko. Dawa ya kina kikubwa ni wingi wa roketi na ukaribu wako, basi.

Dalili: baada ya milipuko mwangwi unapotea

Umevuruga maji, na sona inasikia maji yaliyovurugika. Tatizo hili lilimsumbua kila mwindaji wa nyambizi, na liliwafanya Waingereza watengeneze Hedgehog, mtambo wa mabomu 24 yaliyorushwa mbele ya meli kama mita 200 hivi, ambayo hayalipuki mpaka yaguse chuma. Ukikosa, bahari inabaki kimya na mwangwi unaendelea. Ukisikia mlipuko, ujue umepata. Mwezi Mei 1944 meli ya Marekani USS England ilizamisha nyambizi sita za Japani ndani ya siku 12 kwa silaha hiyo, na sijaona mfano mzuri kuliko huo wa faida ya kutopoteza mwangwi.

RBU-6000 haikupi faida hiyo. Ukirusha kundi na kukosa, sona ya omo itakuwa na ukungu kwa muda. Usirushe kundi la pili papo hapo kwenye alama ya zamani. Tafuta mlio wa pili kutoka mahali pengine: helikopta ya Ka-25 yenye sona ya kutumbukiza kama unayo, au meli mwenzako aliye maili tano pembeni.

Mwangwi ukipotea bila milipuko yoyote, huenda nyambizi imeshuka chini ya tabaka la joto. Maji ya juu yana joto, ya chini ni baridi, na sauti hupinda inapofika mpakani. Sona ya omo iko juu ya mpaka huo. Krivak ina sona nyingine, Vega, inayoshushwa kwa kebo kutoka tezini mpaka chini ya tabaka. Wachezaji wengi hawaishushi kwa sababu inawalazimu kwenda polepole. Ishushe.

Dalili: imefyatua mara moja, kisha kimya

Hii si hitilafu. Mirija ikishakuwa mitupu, mtambo unainuka wima na roketi mpya zinaingizwa kutoka chini ya sitaha, mrija mmoja baada ya mwingine. Unaweza kuliona hilo kwa kamera: ukiona mirija imesimama ikitazama mbingu, usitoe amri mpya, subiri. RBU-1200 na RBU-2500 hujazwa kwa mikono ya mabaharia, kwa hiyo kwenye meli zenye hizo panga kana kwamba una kundi moja tu la kurusha. Ukikuta mirija imesimama muda mrefu kupita kiasi, kagua uharibifu na akiba.

Dalili: roketi zimeisha na hapakuwa na nyambizi

Umepiga chambo, yaani kifaa ambacho nyambizi huachia ili kuidanganya sona, au umepiga mwangwi wa uongo. Usione aibu. Mwaka 1982 katika vita vya Falklands, Waingereza walitumia silaha nyingi dhidi ya myangwi ambayo haikuwa nyambizi, na nyangumi waliuawa kwa makosa hayo, wakati nyambizi ya Argentina iliyokuwa ikiwavizia baharini ilikuwa moja, San Luis, na haikuzamishwa.

Jiulize kama kile kitu kina mwendo. Chambo kinachopiga kelele hukaa palepale au husogea kidogo sana. Ukiona alama iliyokuwa ikienda noti 15 ghafla imesimama na kelele zake zimeongezeka, nyambizi imekiacha hicho nyuma na imegeuka. Mimi hapo hutazama pande mbili za njia yake ya zamani, siyo ile alama.

Dalili: unakufa kabla ya kufika maili tatu

Hili halihusu mtambo, ila wengi huulaumu mtambo. Torpedo ya Mk 48 ya nyambizi za Marekani inafika mbali kuliko RBU-6000 kwa tofauti kubwa. Ukiwinda nyambizi ya kisasa kwa roketi peke yake, unaingia kwenye mkuki wake ukiwa na kisu. Krivak ilipewa makombora ya Metel, yale ambayo gemu inayaita SS-N-14, yanayobeba torpedo na kuidondosha mbali sana na meli. Hayo ndiyo silaha ya kwanza. Lakini nayo hayapigi karibu, yana umbali wa chini wa kilomita kadhaa, na RBU ipo kwa ajili ya pengo hilo: adui aliyevuka mstari, aliye karibu mno kwa kombora. Anza na kombora kwa mbali, na ufikirie roketi pale nyambizi inapokuwa imeshaingia ndani.

Kama yote hayo ni sawa

Zima modi zote, yaani nyongeza za gemu zinazotengenezwa na wachezaji. Modi moja niliyoipakua iliongeza meli nzuri sana, lakini mtengenezaji wake alikuwa ameweka mtambo ukitazama nyuma, na nikapoteza jioni nzima nikilaumu sona. Ukizizima na tatizo likaondoka, rudisha moja moja mpaka ulipate.

Lisipoondoka, fungua kihariri cha misheni ujitengenezee uwanja wa majaribio. Weka Krivak moja, hali ya silaha huru, bahari tulivu, na nyambizi moja maili mbili mbele ya omo ikienda noti 5. Washa sona ya mlio, nenda noti 12, rusha 12. Hapo roketi lazima zitoke. Zikitoka, badilisha kitu kimoja tu na urudie: mara hii iweke nyambizi tezini, mara nyingine iongezee kasi mpaka noti 20, kisha kimbiza meli yako noti 28. Ile hatua ambayo mambo yanaharibika ndiyo iliyokuwa ikikuangusha kwenye misheni yako ya kweli. Jaribio zima halichukui zaidi ya nusu saa, na mimi hulirudia kila sasisho kubwa linapotoka.